Mvua Iliyonyesha Boito

Uvumi ulimfikia Priscah kwenye kituo cha majani ya chai, akiwa katika foleni ya mzani, kikapu kikiwa bado mgongoni. Ulikuwa uvumi mfupi, wa kusemwa kwa pumzi moja: kwamba wanafunzi wa misheni walioteremkia vijiji vya mtoni mwaka uliopita walivuka wakiwa kumi na wanne wakarudi kumi na watatu, na kwamba jambo hilo lilifunikwa kwa maombi. Aliyeuleta ni Syprose, mwanamke wa kutoka upande wa ziwa, ambaye aliuza omena, dagaa wa ziwani, kando ya kituo na mumewe aliendesha lori la kuni za kiwanda. Syprose hakuwa mbea. Alilisema neno lile kama mtu anayesema sukari imepanda, akaendelea kupima omena kwa kikombe.

"Wa kwako si yuko na hao, Mama Joan?"

Priscah alijibu kwamba ndiyo, yuko nao, tangu Jumatatu. Akapima majani yake, kilo nne tu, akarudi nyumbani. Lakini uvumi ule ulikuwa kama uzi wa nyama ulionasa kati ya meno: hauumi, hauonekani, na ulimi haukomi kuurudia. Alipokamua ng'ombe, ulikuwepo. Alipopepeta mahindi, ulikuwepo. Kesho yake alivaa viatu vya kanisani akaenda mpaka shuleni kwa akina Joan kuuliza. Karani aliyemkuta, maana walimu walikuwa likizoni, alimwambia kwa upole kwamba yule mvulana wa kumi na nne alihama shule, basi. Priscah akataka kujua alihamia wapi. Karani akageuka kuitazama kalenda ukutani, kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa pale, kisha akasema angeulizia.

Joan alikuwa kidato cha tatu, na ndiye aliyeongoza nyimbo katika chama cha wanafunzi Wakristo. Safari yenyewe ilikuwa ya siku tisa: kuhubiri, kufundisha watoto kusoma, na kuezeka kanisa dogo katika kijiji kimoja ng'ambo ya mto, mbele ya Ndanai, mahali ambapo mwalimu alikuwa hajafika wala barabara haijaonekana. Baba yake, Noah, alikubali kabla barua haijasomwa mpaka mwisho. Priscah alikataa kwa wiki mbili. Alipoona hana wa kumuunga mkono, alirudia maneno aliyoyasema tangu Joan alipoanza kutambaa.

"Basi usiukaribie mto."

"Mama, vijiji vyenyewe viko mtoni."

"Mto ni mbaya."

"Mbaya namna gani?"

Priscah alikuwa ameinama akimfungia begi. Alikaza zipu, akasema tena kwamba mto ni mbaya, akaenda kumwaga maji yaliyokuwa hayahitaji kumwagwa.

Aprili ile, mwaka wa tisini na saba, ilikuwa imeingia na vumbi. Michai ilikuwa imekaza kama watu walionuna, haichipui. Majani mawili na kichipukizi, ambayo vidole vya wanawake wa Boito viliyajua hata gizani, yalikuwa ya kutafutwa kichaka baada ya kichaka. Kwa hiyo Jumatano wanawake wa kanisa walifunga, wakaomba mvua tangu saa nne mpaka saa tisa. Priscah ndiye aliyeongoza zamu ya mwisho. Aliomba mpaka magoti yakafa ganzi, na hakika nusu ya maombi yale ilikuwa ya Joan, lakini mdomo ulitamka mvua.

Mvua ikaja. Ijumaa saa nane mchana mbingu ilishuka juu ya vilima, ikanyesha kwa uzito ambao paa za mabati ziliupokea kwa kelele moja ndefu isiyo na pumziko. Watu walitoka nje wakalowa makusudi. Priscah alikuwa shambani na aproni yake ya plastiki. Alisimama akacheka pamoja na wengine. Kisha akatazama chini.

Maji yalikuwa yakipita kati ya mistari ya michai, mekundu, yamebeba vijiti. Yaliingia mfereji ulio nyuma ya zizi. Mfereji uliingia kijito. Kijito kiliteremka bondeni kukutana na mto, na mto, baada ya kuzunguka vilima vyote vya watu wengine, ulipita mbele ya Ndanai. Yeye alizaliwa huko chini. Alipandishwa Boito kwa ndoa, akajifunza chai ukubwani, na watu wa chai walimpenda bila kumuuliza sana alikotoka. Walijua mengi, lakini kulikuwa na jambo moja wasilolijua. Kwao, kijito kikijaa, wewe mwenyewe umekwisha kulowa. Mvua na maji ni ndugu wanaotembea pamoja. Huko chini siyo hivyo. Huko mto hujaa jua likiwaka, ng'ombe wakitafuta kivuli, mwanamke akianika nguo na kushukuru kwa siku njema.

Priscah alilijua hilo tangu akiwa na miaka tisa. Alikuwa na dada, Drusilla. Joan hakuwahi kulisikia jina hilo.

Jioni alimwambia Noah kwamba atashuka. Noah alikuwa akikausha soksi kwenye moto, mwenye furaha ya mtu aliyeona michai yake ikinywa. Alimsikiliza mpaka mwisho, haki isemwe. Akamkumbusha kwamba watoto wale wana mwalimu, kwamba wana wenyeji, kwamba Joan ana miaka kumi na saba. Kisha akasema, bila ubaya, "Tumeomba mvua, imekuja. Sasa unataka kuirudisha?"

Usiku ule mvua haikuacha, na huko juu msituni ngurumo zilisikika kama magogo yanayoviringishwa.

Kulipokucha Jumamosi Priscah alikuwa amekwisha kufika barabarani. Alivaa gambuti na ile aproni yake, na kitambaa cha kichwani kilikuwa kile cha kazi, kwa sababu hakuwa na subira ya kutafuta kingine. Mkononi alibeba kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha aliyokuwa amemwekea Joan arudipo, na ugali uliofungwa kwa nguo safi. Lori la kuni lilikuwa likiteremka tupu kwenda kupakia. Dereva, Ouko, mume wa Syprose, alikuwa amekatazwa kubeba watu. Alimtazama usoni, akamfungulia mlango.

"Tukisimamishwa, Mama Joan, wewe ni gogo. Usiseme neno."

Gari liliteleza na kunguruma katika tope la Konoin, likapita mabonde ya chai yanayotoa mvuke, na kadiri lilivyozidi kushuka ndivyo tope lilivyopungua. Kwanza likawa jembamba. Kisha likawa udongo wa unyevu. Kisha, mbele ya lami, gurudumu la kwanza likarusha vumbi. Ouko alilionyesha kwa kidevu, akamwambia kwa kumfariji kwamba aone mwenyewe, huku haikunyesha hata tone. Alimwona mama wa watu akishika kibuyu kwa mikono miwili, akadhani ni matuta ya barabara.

Mwendo wa saa moja wa mwisho alitembea. Tope la Boito lilimkaukia kwenye gambuti likaanza kudondoka vipande vipande. Wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye kisima walimwamkia, Chamgei, na mmoja akamtania akimuuliza shamba hilo la matope liko wapi, maana wao wamesahau hata tope linafananaje. Priscah aliitika salamu, akauliza walipo watoto wa misheni. Walimwelekeza kivukoni. Hakutembea tena, alikwenda kwa mwendo ambao si wa kukimbia wala si wa mtu mzima.

Mto ulikuwa umelala. Hapo kivukoni ulipanuka ukawa wa kina cha vifundo, na mawe makubwa yalijipanga kutoka ukingo hadi ukingo kama viti vilivyoachwa baada ya mkutano. Upande wa huku, chini ya mti wa mgunga, mwalimu aliyewaongoza, Aron, kijana mwenye miwani na shati lililochanika begani, alikuwa ameketi juu ya bunda la mabati. Alimpokea kwa furaha na mshangao. Akamweleza kwamba watoto wote kumi wako ng'ambo tangu jana, wazima kabisa, kwamba walivuka bila kulowa magoti, na kwamba saa hiyo wanashuka kuchukua mabati. Akaonyesha juu. Anga ilikuwa ya buluu, safi kama sahani.

"Tuliomba wiki nzima isinyeshe tukiezeka, Mama. Na unaona mwenyewe."

Priscah aliona. Aliona pia wanawake wa Boito wamepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, na yeye akiwa mbele yao. Alijiuliza, lakini hakuthubutu kulimaliza swali, jinsi Mungu alivyozijibu pande zote mbili kwa mto mmoja.

Akainama majini. Yalikuwa yamepata rangi, kidogo tu, kama chai inapoanza kutiwa maziwa. Povu lilikuwa likikusanyika upande wa juu wa kila jiwe. Kipande cha gome la mkaratusi kilipita, kikafuatwa na kingine, na huku chini hakukuwa na mkaratusi hata mmoja.

"Mwalimu, maji yanakuja."

Aron alitazama mbingu. Alitazama kwa uangalifu, mashariki na magharibi, mtu mwenye nia njema, mtoto wa chai tangu tumboni. Akasema kwa heshima kwamba haoni wingu.

Na hapo ndipo wanafunzi walipotokea ng'ambo, wakiteremka njia ya ng'ombe, wakiimba. Joan alikuwa mbele. Priscah aliruka. Akatupa kibuyu kwenye nyasi, akasimama ukingoni, akapunga mikono yote miwili: rudini, pandeni, msije. Alipiga kelele mpaka sauti ikakatika, lakini maji yaliyokuwa yakinong'ona kati ya mawe yote yale yaliimeza sauti yake kabla haijafika katikati.

Joan alisimama. Wimbo ukafa. Kisha msichana yule akaweka mikono yote miwili kichwani.

Priscah alijua maana yake. Mama yake anafanya nini hapa? Mama asiyepita hata kituo cha majani bila sababu, amefika kwa miguu, na kitambaa cha kazi, na gambuti, anapunga mikono na kulia. Kwao, habari ya kifo haitumwi kwa barua wala haipigiwi kelele. Hubebwa na mtu mpaka mbele ya mwenyewe. Joan alikuwa ameona kila alichopaswa kuona. Baba yake amekufa. Akakanyaga jiwe la kwanza.

Kadiri Priscah alivyopunga, ndivyo mtoto alivyoharakisha. Jiwe la pili. La tatu. Alikuwa ameacha viatu nyuma na alikuwa akija kwa mama yake, mikono imetanda kama anayebeba kitu kisichoonekana, na povu kati ya mawe sasa lilikuwa la rangi ya matofali. Aron, ambaye sasa aliona jiwe moja la pembeni likizama mbele ya macho yake, alianza kupiga kelele naye, na kelele zake ziliongeza msiba.

Miguu ya Priscah ilitaka kuingia majini. Kila kilichokuwa ndani yake kilitaka kuingia majini. Maisha yake yote hofu yake ilikuwa na mikono na mdomo. Haikuwahi kuwa na kitako.

Akaketi.

Aliketi juu ya nyasi kama mwanamke aliyefika mapema kwenye harusi. Alimvuta Aron kwa suruali mpaka naye akaketi, akamwambia anyamaze. Akavua gambuti moja, akalikung'uta tope taratibu, akavua la pili. Akaokota kibuyu. Akafungua nguo ya ugali mapajani, akamega tonge, akalifinyanga, akalitia mdomoni. Kwa maana aliyebeba habari ya kifo hali chakula. Anayekuja na habari hiyo hata maji hapokei mpaka aiweke chini. Joan mwenyewe, alipokuwa na miaka kumi, aliona mjomba akisimama mlangoni mwao na kukataa kiti. Priscah alikunywa mursik kwa mkupuo mrefu, akajipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono, akamega tena.

Joan alikuwa amefika jiwe pana la katikati. Alisimama.

Mama na mtoto walitazamana juu ya maji. Priscah alitafuna. Alimtolea Aron tonge, na Aron, ambaye hakuelewa lolote ila sauti aliyoambiwa nayo, alilipokea akalitia kinywani. Maji yalikuwa yamefikia kifundo cha Joan juu ya jiwe. Mikono yake iliyotanda iliteremka. Hata kwa umbali ule mama yake aliisoma ile njia ya kusimama: mshangao kwanza, kisha nafuu, kisha aibu, na mwisho hasira nzima ya msichana wa miaka kumi na saba aliyefuatwa na mama yake mpaka misheni, mbele ya wenzake, na mama anakula. Alisonya, bila shaka alisonya. Akageuka akarudi alikotoka, kwa hatua kubwa za kukasirika.

Jiwe la mwisho lilikuwa limefunikwa. Alikwama. Mvulana mmoja, Nyakundi, aliingia mpaka mapajani, akamshika mkono wa juu akamvuta, wakaanguka wote wawili kwenye matope ya ukingo.

Maji hayakuja kama ukuta. Yalikuja kama maziwa jikoni, unapogeuka kuchukua kikombe. Mawe yalikuwepo, kisha hayakuwepo. Gogo zima lilipita likijizungusha, na sauti ya mto ikashuka kutoka kwenye mnong'ono ikawa ya kifuani. Jua liliendelea kuwaka. Aron alisimama, akawahesabu wanafunzi wake ng'ambo kwa kidole, akamaliza, akaanza tena upya. Priscah alikuwa bado ameketi. Alibaki hapo na ugali mdomoni.

Mto uliwatenga siku mbili. Joan na wenzake walilala ng'ambo kwa wenyeji. Priscah alipewa nafasi kwa mama mmoja wa kanisa upande wa huku. Kila asubuhi na kila alasiri msichana alishuka ukingoni akasimama mahali anapoonekana, kisha akapanda tena. Hakupunga mkono. Mama yake naye hakupunga.

Jumatatu maji yalipungua, wanaume wa kijiji wakatandaza kamba, na wanafunzi wakavushwa mmoja mmoja. Joan alifika akiwa ametota mpaka kiunoni. Walisalimiana kwa mikono, kama wageni. Akaketi kando ya mama yake, akakamua sketi.

"Kwani ulikuwa unakula kweli, Mama?"

"Nilikuwa natafuna tu. Hakikupita kitu."

Joan alicheka, kisha hakucheka. Akauliza kwa sauti nyingine mama alivyojua kwamba maji yanakuja. Safari hii Priscah hakuwa na maji ya kwenda kumwaga. Alisema alikuwa na dada aliyeitwa Drusilla. Alisema ndama wao alikuwa amevuka, na siku ilikuwa na jua kama hili, na yeye, mdogo, ndiye aliyekuwa upande wa huku na nguo walizokuwa wakifua. Maji yalipobadilika rangi alimwita dada yake. Alimwita kwa nguvu zake zote, akilia, akiruka ukingoni, na Drusilla, ambaye alikuwa salama kabisa ng'ambo na kamba ya ndama mkononi, aliona mdogo wake analia, akamjia.

Aliishia hapo. Joan hakumuuliza mwisho. Aliuchukua mkono wa mama yake, wenye vidole vilivyopata weusi wa utomvu wa chai, akaukalia kidogo kwa paja, kama mtu anavyozuia karatasi isipeperuke.

Mwalimu Aron alikuja baadaye, miwani mkononi. Hakujitetea. Alisema kwamba mwakani watakuja wengine, labda si yeye atakayewaleta, na hakuna kitabu chochote alichosoma chuoni chenye mambo haya. Akamwomba Mama Joan awaandikie. Priscah alisema yeye aliishia darasa la tano. Joan akachana ukurasa katikati ya daftari lake la nyimbo, akampa na kalamu. Aliandika juu ya goti, polepole, herufi kubwa na ndogo zikichanganyika, na binti yake alisoma begani kwake mstari baada ya mstari bila kusahihisha chochote.

Usitazame mbingu iliyo juu yako. Uliza watu wa juu kama kwao kumenyesha.

Usivuke maji yaliyogeuka rangi, hata kama ni ya vifundo.

Usivuke ukiona gome la mti usioota hapo.

Usivuke na bati wala begi mgongoni. Usirudi kuchukua kiatu.

Usimwamini mwenyeji anayeharakisha, wala mgeni anayeimba.

Usimwite mtu aliye salama ng'ambo.

Usimpungie mikono.

Usimngoje mtu wako ukingoni ukiwa umesimama.